Mfupa Una Mafundi Wake

Naandika kutoka jengo la uhandisi, ghorofa ya chini kabisa, ambako dirisha hakuna na simu haishiki. Mhariri wetu amekuwa akinidai makala tangu muhula wa kwanza. Kila tukikutana kwenye ugali wa Jumamosi ananiuliza, "Wewe mtu wa mifupa, makala iko wapi?" Basi leo nalipa deni. Nitaeleza kazi ninayoifanya, kwa nini naifanya, na jinsi ilivyozua maneno katika ukoo wetu kule Meru. Msiogope, hesabu nimeziacha maabara.

Kwanza nijitambulishe kwa wageni. Nina miaka 30, nasomea shahada ya uzamivu katika uhandisi mitambo. Watu wakisikia mhandisi wanafikiria madaraja na injini. Mimi nakandamiza vipande vya mifupa kwenye mashine hadi vipasuke, kisha natazama kwa darubini vimepasukaje. Mama yangu akiulizwa na majirani mwanao anasoma nini huko Uingereza, hujibu kwa kifupi, "Anasoma udaktari wa mashine." Nimeacha kumsahihisha.

Jambo la pili ni meno yangu, ambayo wengi mmeshayaona. Ni ya kahawia. Daktari wa meno wa hapa aliniuliza navuta sigara ngapi kwa siku, na mimi sijawahi kuvuta hata moja. Dar es Salaam walikuwa hawaniulizi. Nikicheka tu ndani ya daladala, mtu wa kiti cha nyuma anasema, "Huyu wa Arusha." Ni maji, jamani. Ardhi yetu ni ya volkano, iko ndani ya Bonde la Ufa, na maji yakipita kwenye mawe yale huchukua madini ya floraidi. Upande wetu, mashariki ya Mlima Meru, kuna mto na kijiji kinachoitwa Maji ya Chai, na jina lenyewe linakuambia rangi. Lakini msidanganyike na rangi. Floraidi haina rangi, haina harufu, na maji yenye floraidi nyingi yanaweza kuwa safi kuliko ya chupa.

Sasa turudi kwenye mifupa. Shuleni tulifundishwa mfupa kama nguzo: unashikilia mwili, mtihani umekwisha. Ule mfupa wa maabara ya biolojia ulikuwa mkavu, umening'inizwa kwa waya, na mtu angeweza kudhani hata ndani ya mwili uko hivyohivyo. Kumbe mfupa ulio hai unafanana na barabara kuu yenye mafundi wa matengenezo wasiolala. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Mguu uliokuja nao ughaibuni miaka sita iliyopita, sehemu kubwa yake siyo ile tena.

Mafundi hao wako makundi matatu. Kundi la kwanza ni wabomoaji, seli ziitwazo osteoklasti. Ni seli kubwa, kila moja imetokana na seli kadhaa zilizoungana, na asili yake ni ukoo wa seli za damu. Zinajibandika juu ya mfupa kama kupe, zinamwaga asidi ya kuyeyusha madini na vimeng'enya vya kukata nyuzi za protini, zikiondoka zinaacha shimo. Kundi la pili ni wajenzi, yaani osteoblasti. Hawa wanakuja kwenye shimo lile, wanatandika nyuzi za kolajeni, kisha madini ya kalsiamu na fosfati yanakaa kwenye nyuzi hizo, kama zege linavyomwagwa juu ya nondo. Mbomoaji kazi yake ni ya wiki chache. Kulijaza shimo hilohilo kunachukua miezi. Ukishika hilo umeelewa nusu ya ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu uzeeni. Mizani ikiinama kidogo tu upande wa ubomoaji, kila mwaka, mwishowe bibi wa watu anajikwaa kwenye mkeka na nyonga inavunjika. Kwa akina mama, homoni ya estrojeni ndiyo breki mojawapo ya wabomoaji. Hedhi ikikoma, breki inalegea.

Kundi la tatu ndilo lililonitia wazimu miaka mitatu hii. Baadhi ya wajenzi hufukiwa ndani ya zege lao wenyewe wakiwa bado hai. Hawafi. Wanageuka umbo, wanaota mikono mirefu myembamba inayopita kwenye vijia vidogo mno, upana wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwa mikono hiyo wanashikana na wenzao waliofukiwa jirani. Hizi ndizo osteositi. Zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa wa mtu mzima ni hizi, na moja inaweza kuishi miongo kadhaa. Vitabu vya zamani vilizipita kwa sentensi moja, kama wastaafu wanaosubiri siku zao. Leo tunajua kwamba ndizo zinazotoa amri.

Zinatoaje amri? Hapa ndipo mhandisi anapoingia. Ukipiga hatua, mfupa wa paja unapinda. Kupinda kwenyewe ni kudogo sana, lakini kunatosha kuyasukuma maji yaliyomo kwenye vile vijia. Maji yakisogea yanaisugua osteositi, nayo inahisi. Ikihisi mzigo, inapunguza utoaji wa protini iitwayo sklerostini, ambayo kazi yake ni kuwazuia wajenzi. Protini ikipungua, wajenzi wanaingia kazini. Ukilala kitandani miezi miwili, maji hayasogei, sklerostini inapanda, na osteositi hizohizo zinatoa protini nyingine, RANKL, inayowaita wabomoaji. Wanaanga wanaokaa angani hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kwa kila mwezi, kwa sababu kule hakuna uzito wa kubeba. Na mchezaji tenisi wa miaka mingi, ukimpiga picha mikono yote miwili, mfupa wa mkono wa raketi ni mnene kuliko mwenzake. Kumbukeni pia kwamba kinachopinda mfupa zaidi ni misuli inayouvuta, kuliko uzito wa mwili wenyewe. Misuli ikinyauka, mfupa unafuata. (Wenzangu mnaobeba maboksi usiku kule maghalani, mgongo unauma, najua, lakini osteositi zenu hazina malalamiko. Wa kuhurumiwa ni sisi tunaokaa mbele ya kompyuta saa kumi na mbili.)

Wahandisi tuliligusa jambo hili mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1866 kule Zürich, profesa wa uhandisi Karl Culmann aliangalia mfupa wa paja uliopasuliwa na mwanaanatomia Hermann von Meyer. Ndani ya kichwa cha mfupa aliona vijiti vidogo vimepangwa kwa mistari iliyopinda, akatambua kuwa inafanana na mistari ya mikazo aliyokuwa akiichora kwenye winchi ya kunyanyulia mizigo. Maurice Koechlin, mmoja wa wanafunzi wa huyu Culmann, ndiye baadaye aliyechora mchoro wa kwanza wa mnara wa Eiffel. Mwaka 1892 daktari mpasuaji wa Berlin, Julius Wolff, akatoa kitabu akidai kwamba mfupa hujibadilisha kufuata mizigo unayobeba. Kwamba ni nani ndani ya mfupa anayepima mizigo hiyo, ilichukua zaidi ya miaka mia kumjua.

Na jibu kubwa lilitoka barani kwetu. Afrika Kusini kuna familia za Makaburu zenye ugonjwa wa kurithi uitwao sklerosteosisi. Mifupa yao hujengwa bila kusimama. Fuvu linakuwa nene, linabana mishipa ya fahamu, mtu anapooza uso au kuwa kiziwi tangu utoto, na ubongo wenyewe unaweza kukosa nafasi. Profesa Peter Beighton wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walizifuatilia familia hizo kwa miaka mingi. Mwaka 2001 wanasayansi wakaipata jeni iliyoharibika, na jeni hiyo ndiyo inayotengeneza sklerostini. Watu hawa hawana breki ya wajenzi kabisa. Ndugu zao waliorithi nakala moja tu mbovu wana mifupa minene na afya yao ni nzuri. Kutokana na hapo ikatengenezwa dawa ya kuizuia sklerostini, romosozumabu, ambayo iliruhusiwa Japani na Marekani mwaka 2019 kwa wagonjwa ambao mifupa yao iko katika hatari kubwa ya kuvunjika. Inadungwa kwa mwaka mmoja tu, na Marekani inaandikwa onyo kuhusu shambulio la moyo na kiharusi. Mimi kila nikisoma habari hii nawafikiria wale watoto viziwi wa Afrika Kusini, ambao mateso yao yamekuwa dawa ya bibi wa Tokyo.

Sasa niwapeleke Meru, maana huko ndiko ninakotaka kufika.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa hawezi kugeuza shingo. Ukimwamkia kutoka nyuma, "Shikamoo bibi," aligeuka mwili mzima, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, ndipo aseme marahaba. Mgongo ulikuwa umeinama na kukakamaa. Sisi wajukuu tulijua kuwa uzee uko hivyo. Katika darasa letu la msingi walikuwepo watoto wenye matege, na wengine magoti yamegongana, tukawapa majina ya utani ambayo siyaandiki hapa. Hakuna mwalimu aliyetuambia ni kitu kimoja na meno yetu.

Floraidi ukiimeza, inayobaki mwilini karibu yote, kama asilimia 99, inakwenda kukaa kwenye mifupa na meno. Mtoto hubakiza nyingi zaidi kuliko mtu mzima kwa sababu mifupa yake inakua, inapokea kila kitu. Ikifika kwenye mfupa inafanya mambo mawili. Inawachokoza wajenzi, wanajenga kwa pupa, mfupa mwingine haukomai vizuri, na hata kano za uti wa mgongo zinaanza kuwa mfupa. Hiyo ndiyo shingo ya bibi. Halafu floraidi inaingia ndani ya fuwele za madini yenyewe na kuzibadilisha, fuwele zinakuwa ngumu na zinashikana vibaya na nyuzi za kolajeni. Mfundi ujenzi yeyote atakwambia zege lisiloshika nondo ni zege la namna gani. Mtoto asiyepata kalsiamu ya kutosha ndiye anayepindika miguu zaidi.

Ajabu ni kwamba mfupa huo ukiupima kwa mashine ya msongamano, unaonekana mzuri! Madaktari wenyewe walivutika. Huko Marekani, katika kliniki ya Mayo, walifanya jaribio la miaka minne, wakatangaza matokeo mwaka 1990: wanawake 202 wenye mifupa dhaifu, nusu wakapewa floraidi kila siku. Msongamano wa uti wa mgongo ulipanda kwa asilimia 35 hivi. Pingili zilizovunjika hazikupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mifupa ya sehemu nyingine ikavunjika zaidi kuliko ya wale ambao hawakupewa. Kwangu mimi huo ndio utafiti muhimu kuliko wote. Mfupa mwingi na mfupa imara ni vitu viwili, na tofauti yake iko kwenye mafundi: wamejenga kwa amri ya nani. Wajenzi wakiitwa na osteositi zilizohisi mzigo, wanajenga panapohitajika. Wakiamshwa na kemikali, wanajenga popote.

Mwaka juzi baba mdogo alinipigia simu. Ukoo ulikuwa umeamua kuchimba kisima kirefu pale nyumbani, na sisi tulioko nje tulipangiwa mchango. Mimi kiwango changu kilikuwa kikubwa kuliko cha wengine (mnajua mambo haya, ukishapanda ndege wewe ni benki). Nikamwambia, "Baba mdogo, shikamoo. Pesa ipo. Ila naomba maji yapimwe kwanza kabla ya kununua pampu."

"Marahaba mwanangu. Yapimwe nini? Tumeyaonja. Ni matamu na ya baridi."

"Floraidi, baba mdogo."

"Hayo ya meno? Babu yako alikunywa maji ya mto huu akafika miaka tisini. Wewe mwenyewe umeyanywa na uko hapo Ulaya unasoma."

Hapo nilibanwa, maana ni kweli. Nilimwomba dada yangu apeleke chupa maabara. Majibu yalipokuja, floraidi ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu ya ugumu wa kupata maji mengine vijijini, kisha nayo ikashuka hadi 1.5. Maji yetu yalizidi hata hicho cha zamani.

Ukoo ukagawanyika. Wengine walisema nimekataa kutoa pesa kwa njia ya kisomi. Shangazi mmoja alisema tuyachemshe tu. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi haiendi popote, na maji yakipungua sufuriani inayobaki ni kali zaidi. Mwingine akauliza kuhusu magadi ya kulainishia makande na maharage, na hilo lilikuwa swali zuri sana, kwa sababu magadi ya upande wetu nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Kilichonikosesha usingizi ni mtoto wa dada yangu. Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Meno ya mbele ya utu uzima hujengwa ndani ya fizi katika ile miaka michache ya kwanza, na ganda la jino likishaota halina seli hai ndani yake. Halina fundi. Lililoharibika limeharibika, ndiyo maana mimi nitazikwa na meno haya. Mfupa una nafuu, kwa kuwa una mafundi. Ukiacha kunywa maji yale, wabomoaji wanaendelea kukata mfupa wa zamani na wajenzi wanaweka mpya, kidogokidogo, na floraidi inatoka kwenye mkojo. Inachukua miaka mingi, na shingo iliyokwisha kukakamaa hairudi. Ila mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa hajapoteza kitu bado.

Tulifikia hapa: kisima kilichimbwa, ni cha kufulia, kuogea na bustani. Mchango wangu ulikwenda kwenye mifereji ya bati na tanki la lita 5,000 la kuvunia maji ya mvua, ya kunywa na kupikia. Baba mdogo alikubali kwa shingo upande. Kiangazi tanki linaisha, na najua fika kuna wiki ambazo maji ya kisima yanaingia jikoni. Dada anampikia mtoto peke yake kwa maji ya kununua. Shangazi anasema mtoto anadekezwa.

Kwa wiki hizo za kiangazi ndiyo tumeanza habari ya mkaa wa mifupa. Wengine mtakuwa mmeusikia, kituo cha utafiti cha Ngurdoto pale Arusha kimefanya kazi hiyo miaka mingi, na Nakuru, Kenya, pia wanautengeneza. Unachukua mifupa ya ng'ombe, unaichoma kwenye tanuru lenye hewa kidogo, unaisaga iwe kama changarawe, unaipakia kwenye ndoo, maji yanapita juu yake. Yale madini ya mfupa yanayoivuta floraidi ndani ya mwili wa mtu yanaivuta vilevile ndani ya ndoo. Ukiuchoma kidogo mno maji yananuka, ukiuchoma kupita kiasi unakuwa mweupe na hauchuji tena. Unajaa, lazima ubadilishwe. Na kuna watu wasiokubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa bila kujua ni ya mnyama gani na alichinjwa vipi, ni haki yao kuuliza.

Kabla sijamaliza, neno moja kwa wa hapa hapa. Ngozi zetu nyeusi na jua hili la Uingereza haviivani. Bila vitamini D mwili haunyonyi kalsiamu vizuri, na mafundi wote niliowataja wanakosa saruji. Idara ya afya ya hapa inashauri watu wazima maikrogramu 10 kwa siku majira ya vuli na baridi, na watu wa asili ya Afrika wafikirie kumeza mwaka mzima. Vidonge ni bei ya soda mbili. Nunueni.

Wiki iliyopita baba mdogo alinipigia tena. Ndoo ya mkaa imefika, ameikagua, ameinusa. Akaniuliza, "Mwanangu, hawa ng'ombe waliochomwa, kama walikuwa wa hapa kwetu, si nao wamekunywa maji haya maisha yao yote? Mifupa yao si ilikwisha kujaa?"

Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu hilo ni swali ambalo hata msimamizi wangu hajaniuliza. Nikamwambia mfupa haujai wote hata kwa ng'ombe aliyekunywa maji hayo miaka, nafasi inabaki, lakini ya ng'ombe wa mbali itachuja muda mrefu zaidi. Akasema nikija likizo Agosti nije na kipimo, yeye ataweka ndoo mbili, moja ya mifupa ya hapa na moja ya mifupa ya mbali, tuone ipi inachoka kwanza.